Kwa vijana wa klabu za magari: barua ya fundi mzee wa Alfa

Wajukuu zangu wa Subaru, na wenzenu wote mnaokusanyika Jumapili asubuhi na boneti zimefunguliwa,

Hamjambo. Kijana mmoja wenu huniletea gari lake nimsikilizie injini, maana macho yamepungua lakini masikio bado yapo. Juzi alinionyesha kwenye simu kanuni mnazotaka kupitisha. Gari lisilo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi wake, lisisajiliwe. La chapa nyingine lisionekane kwenye msafara. Nilimwambia anisomee mara ya pili. Nimeona niwaandikie kabla hamjapiga kura, na niwaandikie hadharani, maana nasikia si klabu moja tu yenye wazo hilo.

Mimi niliingia gereji Industrial Area mwaka 1971, kijana wa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Siku hizo gari la mtu mwenye madoido lilikuwa Alfa Romeo, la kutoka Milan, lenye nembo ya joka linalommeza mtu. Ukifungua boneti unakuta kabureta mbili na kemshafti mbili, fito za kufungulia vali, juu ya injini, wakati magari mengi ya wenzake yalitosheka na moja. Lilikuwa na kasoro yake. Asubuhi, oili ikiwa bado baridi, gia ya pili ilisaga kama mtu anayetafuna changarawe. Aliyelijua gari lake alitoka gia ya kwanza, akasimamisha mkono kidogo pale katikati, ndipo akaiingiza ya pili polepole. Nikiwa chini ya gari lingine, bila kumwona dereva, nilimtambua mwenye Alfa wa kweli kwa kile kimya kifupi.

Watu hao walikuwa na klabu yao, Alfa Romeo Owners Club. Wangeweza kukaa wao kwa wao, wakasifiana na kupiga picha. Badala yake, mwaka 1970 walianzisha Concours d'Elegance, mashindano ya gari lililotunzwa, wakaalika magari ya chapa yoyote. Mwaka huohuo dereva Edgar Herrmann alishinda Safari Rally, mbio zetu za magari za barabara mbovu, kwa Datsun 1600 SSS, na sifa ya gari hapa kwetu ilikuwa kurudi limejaa matope hadi kwenye paa. Halafu hawa wanakuja na shindano ambalo vumbi kwenye bawaba ya mlango linakunyima pointi! Ningeulizwa wakati ule ningesema halifiki mwaka wa tatu.

Baadaye nilitayarisha gari la mteja wangu kwa shindano hilo. Tulikesha watu wawili na mswaki wa mtoto, kwa sababu nywele zake ni laini na hazichubui rangi. Tulitoa udongo mwekundu kwenye matao ya matairi, tukasugua kichwa cha kila skrubu chini ya siti. Kulipokucha nilikuwa na uhakika. Jaji akaja, akainama, akatazama chini ya gari, akaridhika. Kisha akafungua kile kifuniko kidogo cha tangi la petroli na kupitisha kidole ndani. Kidole kilitoka cheusi. Tukapigwa na Volkswagen ya mwalimu mmoja, gari la kobe, injini ya nyuma, na mwalimu mwenyewe alikuwa ameliosha pamoja na wanawe. Mteja wangu alinuna mwezi mzima. Mimi sikununa, nilikwenda kumuuliza mwalimu alitumia sabuni gani.

Sasa tazameni yaliyofuata. Alfasud, zile Alfa ndogo, zililiwa na kutu kabla ya wenyewe kumaliza kuzizoea. Mwaka 1986 kampuni yenyewe ikaingia mikononi mwa Fiat. Hapa kwetu spea zikawa za kutafutwa kwa tochi, kisha magari yaliyotumika kutoka Japani yakafurika. Laiti siku ile ingekuwa ya wenye Alfa peke yao, ingezikwa pamoja na Alfa. Lakini Concours bado imo kwenye kalenda, pale Ngong Racecourse, na watu huvuka mpaka kutoka Uganda kuja kushindana. Ukihesabu magari uwanjani, Alfa ni chache. Klabu ya chapa moja imebebwa miaka yote hii na magari ya watu wengine.

Mtaniambia Subaru ni jambo jingine, ina historia yake ya mbio. Haya, tuzungumze historia hiyo. Subaru ilikuja Safari miaka ya 1980 na Leone, gari lenye umbo la kabati, na zile za mwanzo hazikuwa na turbo. Mwaka 1993 dereva wetu Patrick Njiru alipewa Subaru Vivio. Wengi wenu hamjawahi kuiona. Ni kigari cha cc 660, unaweza kudhani kimekuja kuchukua maziwa. Colin McRae, dereva maarufu wa Scotland, naye alikuwa na Vivio yake kwenye Safari ileile, ikaharibika njiani. Njiru akafika, wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Na injini ile ilisukumiwa hewa na kompresa inayozungushwa na mkanda, si turbo. Kwa kanuni zenu, Njiru angesimamishwa langoni.

Lipo na hili la sheria. Gari lililotumika halipaswi kuzidi miaka 8 ndipo liingizwe Kenya. Kwa hiyo Leone au Datsun ya zamani iliyobaki nchini ndiyo hiyo hiyo. Mwenye nayo mkimfanya ajione mshamba mbele yenu, ataipeleka kwa wauza vyuma chakavu, na siku mtakayotaka mlango wake au taa yake, mtakuwa mnaitafuta kwenye picha. Mwiteni. Mpeni nafasi ya mbele kwenye msafara, tena hapo mwendo utapungua wenyewe. Mambo ya kushindana usiku Thika Road sitayaandika hapa, mama zenu wameyasema ya kutosha.

Mkipata siku yenu ya mashindano, andikeni na jina la fundi. Mteja wangu wa mswaki alipata kikombe mwaka uliofuata, akapanda jukwaani peke yake, mimi nikabaki nimeshika ndoo. Picha ninayo. Ndoo inaonekana vizuri, mimi nimekatwa kichwa. Andikeni pia nani alikuwa na gari gani, namba ya chesisi, nani aliuziwa na nani. Daftari la shule linatosha.

Nimesikia kikao ni Jumamosi. Nitafika, nikijaliwa, na pikapu yangu ya Datsun 1200, ambayo haina turbo, na redio yake ilikufa zamani. Niambieni mapema niingilie lango lipi.

Babu yenu,
Fundi mstaafu, Nairobi