Wifi anasema simwogeshi mwanangu

Shangazi, shikamoo.

Saa tisa usiku hii. Mtoto ndiyo kwanza kapitiwa na usingizi, kajikuna tangu saa sita, shuka lina damu tena na baba yake anakoroma. Nimeona nikuandikie wewe, maana nikimwambia mtu wa hapa mtaani kesho nitayakuta bombani.

Ana miaka minne. Hii pumu ya ngozi ilimwanza mashavuni akiwa mchanga, ikahamia kwenye viwiko kwa ndani, nyuma ya magoti na shingoni. Inapoa unamshukuru Mungu, joto la Januari likishika jasho linaiamsha yote. Dar unaijua, sina haja ya kukueleza.

Sasa Jumapili kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa wifi. Ukumbi umejaa, watu wa kanisani wapo, wifi akamshika mwanangu mkono, akaugeuza, akasema kwa sauti: "Hivi mwenzetu, huyu mtoto humwogeshi?" Watu wakacheka. Na mume wangu akacheka, Shangazi, wakati asubuhi ile ile alipishana na sisi tukitoka bafuni!

Namwogesha. Daktari wa ngozi alisema aoge haraka, maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, akitoka apakwe mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Ndivyo ninavyofanya. Simsugui kwa dodoki kama wanavyotaka wao, basi hapo ndipo ninapoitwa mchafu.

Tumeshahangaika sana. Mama mkwe alichemsha mwarobaini, mtoto akapiga kelele maana palikuwa pamechubuka. Mafuta ya nazi, manjano, dawa ya fangasi ya duka la dawa, maombi. Wakamkataza mayai, dagaa na karanga hadi akakonda, na daktari anasema chakula hakikatwi hivi hivi bila kujua kama kweli kinamdhuru.

Halafu wifi akaleta krimu yake ya Kariakoo, kikopo hakina hata lebo. Siku chache tu ngozi ikawa laini kama ya mtoto mwingine. Alisifiwa huyo! Tulipoacha kumpaka ikarudi kwa hasira, na shingoni ngozi imekuwa nyembamba. Daktari alipokiona kikopo akasema krimu za namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi kali, dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe wa ngozi. Akatupatia yake isiyo kali, unapaka kidogo palipowaka tu, kwa siku alizosema, kisha unapumzisha na mafuta yanaendelea. Inasaidia, sisemi uongo, ila taratibu. Naye hakunificha: huu si ugonjwa wa kupaka mara moja ukaisha, ingawa watoto wengi huwapungua wakikua. Hauambukizi. Lakini nani wa kumweleza wifi, wakati kwake hospitali inatula hela tu?

Na daktari aliuliza nani kwenye ukoo ana pumu ya kifua au mzio. Baba yake alikuwa nayo utotoni. Wifi mwenyewe vumbi likitimka kidogo anapiga chafya mpaka machozi. Mume akaniambia hayo nisiyafikishe kwa mama yake. Kwa hiyo damu ni yao, uchafu ni wangu. Nisamehe, najua wewe hupendi maneno ya kusemana ukoo, lakini ukumbi mzima ulinicheka.

Mama mkwe sasa anamtaka mtoto akakae kwake Lushoto, kule milimani kwenye baridi, mpaka aanze darasa la kwanza. Krismasi tulikuwa huko na kweli alilala usiku kucha, hilo silikatai. Ila sweta la sufu alilomfumia bibi yake lilimtoa vipele shingo nzima, na hilo halisemwi. Mume anaongea kama vile ameshakubali. Mimi simtoi mwanangu. Nikimtoa, si nitakuwa nimekubali kwamba simwogeshi? Lakini usiku kama huu najikuta nasema aende tu, angalau alale, na mimi nilale. Wewe ungemwacha aende? Usinijibu kwa kumtetea mama mkwe, si mtu mbaya, mwenye mdomo ni binti yake.

Mama mkwe anakuja Jumamosi, ukiweza unijibu kabla. Usitaje mtaa.

Lingine, Shangazi. Kile kikopo sikukitupa, bado kiko juu ya kabati na krimu imo. Mwezi ujao kuna harusi upande wa mume na watu watakuwa wale wale. Nikimpaka siku mbili tatu tu, mikononi, shingoni nisiguse, kuna ubaya?