Mji Mkongwe: ulizia samaki kabla ya kuulizia mandhari

Ndugu Mhariri,

Mgeni akiuliza pa kula Mji Mkongwe, Zanzibar, huambiwa apande mkahawa wa juu ya paa atazame jua likizama, au ateremke kwenye soko la chakula la usiku, Bustani ya Forodhani. Wengine humwonya asiguse kabisa cha Forodhani. Wote hao wanamwelekeza mahali tu. Utamu na usalama wa sahani hapa huamuliwa na upepo, saa ya kula, na kilichoshushwa dikoni asubuhi ile.

Upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, hasa Juni na Julai, vyombo vidogo vingi havitoki na samaki wabichi huadimika. Mkahawa wenye orodha ileile ndefu ya samaki mwaka mzima unategemea friza. Friza si kosa, ila usiilipie bei ya samaki wa leo. Pweza naye hufuata maji: hupatikana zaidi wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji yanapokupwa hadi miamba ikawa wazi. Basi muulize mhudumu, "Leo mmepata nini?" Akisema "vyote vipo," endelea na safari yako. Akisema "leo changu tu, na ngisi kidogo," vuta kiti.

Forodhani panataka macho. Wauzaji hupanga meza kabla ya magharibi, na vingi vilivyo vijitini vimeshapikwa, pale vinapashwa moto tu. Pweza lazima achemshwe kwanza alainike, kwa hiyo kumkuta ameiva hakuna ubaya. Ogopa utelezi na harufu kali. Nyama ya ngisi ni nyeupe, ikigeuka waridi imekaa. Kamba aliyelala huanza kupiga weusi kichwani. Kwa jodari uwe mkali zaidi ya wote: akikaa na joto kabla ya kutiwa barafu hufanya sumu ambayo hata moto wa mkaa hauiondoi. Ulimi ukiwasha kama umelamba pilipili, na pilipili hukutia, acha hapohapo. Fika mapema, kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 2 usiku, uchague kipande kibichi kichomwe ukikiona. Kikishalala mezani kwa muda wa saa tatu nzima chini ya taa, hata mpishi hodari hana la kukirudishia.

Urojo, ule mchuzi mzito wenye bajia na viazi, ni chakula cha alasiri. Ukingoja usiku, bajia zimelegea, na chatne ya nazi, ambayo huchacha upesi kwa joto letu, ndiyo itakayokusumbua tumbo. Pilau na wali wa nazi uvifuate mchana kwenye mikahawa wanayokula wenyeji. Sufuria likimalizika saa 8 mchana, ujue hakikupashwa cha jana. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufunga mchana, kwa hiyo panga mapema.

Kuhusu bei, papasi, yule kijana anayewafuata wageni mitaani, akikuongoza hadi mlangoni, ujira wake utaukuta ndani ya bili. Ingia peke yako. Uliza pia kama kodi na ada ya huduma zimo kwenye bei iliyoandikwa. Kamba kochi ndiye anayezua ugomvi mwingi: huuzwa kwa uzito, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni kichwa na ganda. Apimwe mbele yako akiwa mbichi, bei itajwe kabla hajaingia jikoni. Menyu inayosema "bei ya soko" bila kutaja kilo haijasema kitu.

Kwa wenye mikahawa, tunaomba jambo moja dogo, nalo ni ubao mlangoni kila asubuhi: samaki walioingia leo, uzito, na bei kwa shilingi. Chaki inatosha.

Wadau wa mapishi ya pwani,
Zanzibar