Barua ya wazi kwa Nai Amphoe (mkuu wa wilaya) wa Sangkhla Buri: walikozaliwa ni chini ya maji

Kwa Mheshimiwa Nai Amphoe,
Wilaya ya Sangkhla Buri, Mkoa wa Kanchanaburi, Thailand.

KUH: VITAMBULISHO VYA WAMONI NA WAKARENI WA WILAYA YAKO

Mheshimiwa, salamu kutoka Kwale, pwani ya Kenya. Nakuandikia kuhusu Wamoni na Wakareni, jamii mbili za mpakani kwako ambazo baadhi ya watu wake hawana vitambulisho. Naandika kwa Kiswahili, na mbele ya watu, kwa sababu wasomaji wa lugha hii wanayajua machungu ya kukosa kitambulisho, hata wale ambao jina la Sangkhla Buri hawajawahi kulisikia.

Kwako ndiko barabara namba 323 inakoishia, mbele ya vihekalu vitatu vyeupe vya Chedi Sam Ong, mpakani na Myanmar. Una tambon (kata) tatu tu, Nong Lu, Prangphle na Lai Wo. Zaidi ya hapo ni milima, msitu na ziwa. Mwaka 1942 na 1943 Wajapani walipitisha reli hapo ili kulisha jeshi lao Bama (Myanmar ya leo), jeshi lilelile ambalo askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka kwetu walipelekwa kupigana nalo. Kwa hiyo si mbali kama ramani inavyoonyesha.

Ninaloliwaza zaidi ni ziwa lako. Bwawa la Khao Laem lilipokamilika mwaka 1984, maji yaliumeza mji wa zamani, pale mito mitatu, Songkalia, Bikhli na Ranti, inapokutana. Kijiji cha Wamoni kikazama pamoja na hekalu la mtawa wao, Luang Pho Uttama, ambaye mwenyewe alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Aliwahamishia watu wake mlimani, kisha akawaongoza kujenga daraja refu la mbao kuelekea upande wa ofisi yako. Kiangazi maji yakipungua, kuta za hekalu huchomoza.

Sasa mfikirie bibi wa Kimoni aliyezaliwa kando ya mto ule. Akiulizwa alizaliwa wapi, atanyoosha kidole ziwani. Cheti ataking'oa wapi?

Tarehe 29 Oktoba 2024 baraza lenu la mawaziri liliamua kuwarahisishia njia ya kupata ukaazi wa kudumu au uraia watu wapatao 483,000, wakaazi wa muda mrefu wasio na uraia na watoto wao waliozaliwa Thailand. Nilifurahi sana kulisoma hilo. Lakini uamuzi wa Bangkok huishia mezani kwako, na mezani kwako lazima mtu afike, ajieleze kwa Kithai na awe na karatasi.

Hapa Kwale tuliishi na majirani Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kukata mkonge wetu, wakazaa na kuzikana hapa, vizazi na vizazi, bila kitambulisho. Kijana akimaliza shule hakuweza hata kusajili laini ya simu kwa jina lake. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kwenda Nairobi kumwona rais. Baada ya hapo ndipo maofisa walipokuja kuwasajili hukuhuku, na mwaka 2017 wakapewa vitambulisho. Niliona aibu kwamba ilibidi watembee.

Usingoje wa kwako watembee. Peleka meza ya usajili ng'ambo ya daraja, uwanjani mwa hekalu, pamoja na wakalimani wa Kimoni na Kikareni. Anza na wakongwe, maana hao hawana muda. Ushahidi wa watawa, wa phuyaiban (wakuu wa vijiji) na wa majirani waliohama pamoja mwaka 1984 upokewe kwa uzito wake. Na vijiji vya Wakareni wa Lai Wo, ndani ya msitu wa Thung Yai Naresuan, vifikiwe kabla mvua hazijaharibu njia.

Daraja lile lilipokatwa na mafuriko Julai 2013, wanakijiji walifunga jingine la mianzi kwa siku chache tu, wakaendelea kuvuka. Naomba safari hii avuke afisa wako, akiwa na fomu mkononi, kabla ya kiangazi kijacho.

Wako kwa heshima,
Mkaazi wa Kwale