Shukrani kwa mzee wa wembe

Mzee wangu uliyekataa jina lako litajwe, shikamoo na asante sana. Wembe wa kukunja alioacha marehemu babu, kinyozi, ulikuwa umeshika kutu hadi shingoni. Ukaupaka mafuta, ukausugua taratibu kwa kitambaa, mpaka nyota na msalaba vikajitokeza: alama ya Joseph Rodgers, watengenezaji wa visu na nyembe wa Sheffield, Uingereza. Kisha ukanionyesha herufi V na R, za Malkia Victoria aliyefariki 1901. Kumbe wembe umemtangulia babu mwenyewe! Na zile herufi zilizokwaruzwa kwenye mpini wa pembe ukazitambua mara moja: za fundi aliyemfunza babu kazi Mombasa, ambaye ndiye aliyekunyoa utotoni. Pesa ulikataa, hata ya chai. Mungu akuzidishie. Wajukuu wa fundi tumeshawapata, nao wana hamu ya kuuona.