Barua kwa mpwa wangu anayetaka kumfadhili orangutani

Mpwa wangu,

Baada ya salamu, nimeuona ujumbe wako kutoka Leicester. Unauliza kama pauni 5 kwa mwezi za kumfadhili orangutani wa porini, yule nyani mkubwa wa misitu ya Asia, zinafika kweli msituni au zinapotelea ofisini. Zinaweza kufika, ila kwanza ujue unalipia nini, maana mnyama mwenyewe hana haja na senti yako.

Yatima aliyeko kituoni, kama Sepilok au Nyaru Menteng, gharama zake zinahesabika: maziwa, matunda, dawa, mlezi, na miaka ya kujifunza kupanda miti na kufuma kiota. Wa porini anajitafutia. Hapo unalipia watu na kazi zinazoufanya msitu wake uendelee kusimama. Kwa hiyo picha utakayotumiwa ni ya mnyama mmoja, lakini fedha huingia kwenye mfuko wa pamoja. Huo si wizi, mradi shirika limeliandika wazi, na mimi naona ni afadhali. Dume anaweza kuondoka eneo la utafiti asionekane kwa miezi. Fedha iliyofungwa kwa jina lake ingebaki inamsubiri.

Chukua mfano wa Sebangau, Kalimantan ya Kati, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo. Msitu ule umekaa juu ya mboji: majani, mizizi na magogo yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza kwa sababu yamezama majini. Kuna mahali kina chake kinapita mita 10. Wakata miti haramu walichimba mifereji ya kusafirishia magogo hadi mtoni. Jirani yake, mwaka 1996, serikali ya Soeharto, rais wa Indonesia wa wakati huo, ilianza mradi wa kugeuza takriban hekta milioni moja kuwa mashamba ya mpunga. Mpunga ulikataa, mifereji ikabaki inanyonya maji usiku na mchana. Mboji ikikauka inashika moto, na moto wake hutambaa chini kwa chini, ukaibuka nyuma ya migongo ya watu waliodhani wameuzima. Mwaka 2015 ziliungua takriban hekta milioni 2.6 Indonesia nzima, mboji na isiyo mboji.

Dawa yake ni mabanio. Safu mbili za nguzo hupigiliwa kukatiza mfereji, katikati hushindiliwa magunia ya udongo, na juu huachwa upenyo wa maji ya kufurika. Banio moja halisaidii kitu. Maji ya upande wa juu yakipishana sana na ya upande wa chini, yanatafuta pembeni, yanakula kingo laini za mboji, na baada ya mvua chache banio limebaki peke yake katikati ya mfereji uliopanuka. Ndiyo maana hujengwa mengi, moja baada ya jingine, yakishuka ngazi ndogo ndogo. Kisha kuna mvuvi. Usipomwachia njia ya mtumbwi atalibomoa, na huwezi kumlaumu. Waulize kama walikaa na wavuvi kabla ya kupigilia nguzo ya kwanza. Waulize pia kina cha maji. Hupimwa kwa bomba la plastiki lenye matundu lililodidimizwa kwenye mboji, na kanuni ya Indonesia ya 2016 inasema hata mboji inayolimwa huhesabika imeharibika maji yakishuka zaidi ya sentimita 40 chini ya uso wa ardhi.

Fungu jingine ni mishahara ya wafuatiliaji, mara nyingi vijana wa vijiji vya karibu. Hufika chini ya kiota kabla hakujapambazuka, wakamfuata mnyama mpaka afume kingine jioni, wakiandika kila baada ya dakika chache anachofanya na anachokula. Hawamsogelei chini ya mita 10, maana mafua yetu humwingia. Akianza kubusu hewa kwa sauti kali na kuangusha matawi, wanarudi nyuma. Huko Gunung Palung, hifadhi ya Kalimantan Magharibi, mkojo wa asubuhi hukingwa kwa karatasi ya nailoni na kupimwa kwa kijiti cha maabara. Ketoni zikionekana, anachoma mafuta ya mwili wake mwenyewe: matunda yameadimika, anaguguna magome. Taarifa ya namna hiyo kwa mfadhili ina thamani kuliko picha kumi.

Anayekuahidi kwamba idadi itapanda mwaka ujao, mkimbie. Jike huzaa mtoto mmoja kila miaka 7 au 8, na wanyama wenyewe hawahesabiwi kwa macho, huhesabiwa viota. Mkimbie pia anayeonyesha wageni wamempakata mtoto wa orangutani. Mtoto asiye na mama, mara nyingi mama yake ameuawa.

Kuhusu mawese, ambayo mashamba yake yamekula misitu ya Borneo: usimnyime shangazi yako wa Kigoma mawese yake, hayakutoka Borneo. Mchikichi wenyewe ni mti wa Afrika. Angalia biskuti na sabuni za dukani huko kwenu.

Kwa kuwa uko Uingereza, tafuta namba ya usajili ya shirika kwenye tovuti ya Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, ufungue hesabu zao za mwaka. Tazama fungu lililofungwa kwa kazi maalumu: lilipokea kiasi gani, limetumia kiasi gani, kwa kazi gani. Fungu linalovimba kila mwaka bila kutumika lina maswali. Kama unalipa kodi ya mapato ya kutosha, jaza fomu ya Gift Aid. Serikali inaongeza senti 25 kwa kila pauni. Lipa mara moja kwa mwaka badala ya mara 12, kwa sababu makato ya kadi huuma zaidi kwenye kiasi kidogo. Wakitaka kukutumia mdoli wa orangutani, ukatae. Kuutengeneza na kuusafirisha kunatoka kwenye pauni zako hizo hizo.

Na ukiamua, lipa kabla ya Julai. Kiangazi cha kusini mwa Kalimantan huanza wakati huo na kuendelea hadi Oktoba, na pampu, mipira ya maji na posho za wazima moto lazima ziwe tayari kabla moshi haujaonekana.

Mjomba wako