Charro hamwigi mtu

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako mwaka wa 23 huu na sijawahi kukuandikia, hata mlipoikosea wilaya yangu jina. Lakini ile habari yenu ya wapanda farasi wa Meksiko imenitoa barazani. Ati charro ni "kauboi aliyeongeza mapambo". Ati!

Makauboi wa Texas walifundishwa kazi ya ng'ombe na Wameksiko, wakachukua na maneno: rodeo, ranchi, hata kamba waiitayo lariat ni "la reata" iliyovunjwa-vunjwa. Leo mwalimu anaambiwa kamwiga mwanafunzi.

Mwaka juzi nilikuwa San Antonio, Texas, kwa binti yangu. Jirani yake, mzee wa Kimeksiko, akatupeleka Jumapili kwenye uwanja wao, lienzo. Mimi nimezeekea kwenye korona ya mkonge, kiwanda cha kuchambua nyuzi, hapa Korogwe, basi nikaomba niishike kamba. Nyuzi za maguey! Vidole vikaijua kabla ya macho, maana ni ukoo mmoja na mkonge wetu, ambao nao asili yake ni Meksiko, hata kama miche 62 ya mwaka 1893 ilitufikia kwa Wajerumani. Kijana akamnasa farasi jike miguu ya nyuma akiwa mbioni, akaizungusha kamba kwenye kichwa cha tandiko na kuiachia ikimbie taratibu hadi mnyama akasimama. Kichwa cha tandiko kilitoa moshi, Mhariri. Moshi! Halafu mnaandika "mabinti warembo wa kupamba uwanja". Wale ni wanawake wanane, wamekaa upande kama mama wa kanga kwenye bodaboda, farasi wanatimka na kupishana katikati pua kwa mkia, na kosa la mmoja ni hospitali ya wawili. UNESCO iliiandika charrería, sanaa hii ya macharro, kuwa urithi wa binadamu mwaka 2016. Mnadhani iliandika vifungo vya fedha?

Na kwa kuwa tumeshaitaja kamba: wilaya imezungukwa na mkonge, lakini ukienda dukani kutafuta katani unapewa plastiki ya buluu. Niliinunua. Mbuzi wangu kaikata siku ya pili, kala mihogo ya jirani, na nimelipa.

Mwambie mwandishi wenu aje Jumamosi yoyote baada ya alasiri, na mita 12 za katani, si plastiki. Mbuzi ni huyo huyo. Charro hupewa kurusha mara tatu, naye nitampa tatu. Akimkosa, masahihisho yatoke ukurasa ule ule, kwa herufi zile zile kubwa.

Mstaafu wa mkonge,
Korogwe