Mhariri, Kwihara tunaenda, ila vijijini je?

Ndugu Mhariri,

Naomba kaupenyo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni. Wageni wanaokuja Tabora, wa nje na hata sisi wa hapahapa Bongo, wakishuka tu kwenye treni wa kwanza kumuulizia ni Livingstone. Wanachukua bodaboda hadi Kwihara, selfi mbili tatu mbele ya tembe, wanaambiwa alikaa hapa na Stanley mwaka 1872, basi, Unyamwezi wote umeisha! Mi sina ugomvi na Livingstone na lile tembe litunzwe, lakini alipobaki pale alikuwa anasubiri wapagazi, na hiyo kazi Wanyamwezi ndo waliosifika nayo, watu wamebeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, sasa wajukuu zao mbona hakuna anaewauliza kitu?

Chukua asali. Wote tunaijua ile ya kwenye chupa, ila wangapi wamekaa na mzee akiwaonyesha mzinga wa magome, anavyolibandua gome zima bila kulipasua, analifunga, anaupandisha mtini kwa kamba, halafu kurina wanaenda usiku na mwenge wa moshi, nyuki wakichachamaa utashuka bila kuambiwa. Au kina mama na matobolwa yao, viazi vitamu vinachemshwa, vinamenywa, vinakatwa na kuanikwa mpaka vinakuwa vigumu kama ngozi ya kiatu, kisha unatafuna na karanga au unashushia na chai (sio michembe, ile inaanikwa mibichi, ukichanganya mbele ya bibi wa Kinyamwezi utachekwa siku nzima).

Kinachoniudhi zaidi ni hela. Wachache wanaofika kijijini wanaletwa na gari la kukodi, wanachezewa ngoma, wanalishwa ugali na nsansa (mboga ya majani yaliyokaushwa) ya karanga, jioni wanageuza. Hela kaila mwenye gari na hoteli ya mjini, mama aliepika kaambulia asante. Na mwingine nilimuona kwa macho yangu, anawapiga picha wale wa uyeye wanaocheza na nyoka, hata "mwangaluka" hajatamka, wakati huku bila salamu wewe bado hujafika.

Kwa hiyo naomba halmashauri wakae na serikali za vijiji, ijulikane kulala ni bei gani, kula bei gani, kupelekwa kwenye mizinga bei gani, alipwe aliefanya kazi na kidogo kiingie mfuko wa kijiji. Na wewe msafiri anzia kwa mtendaji, omba ruhusa ndo utoe simu, na ulale hata usiku mmoja, maana habari za mtemi Mirambo, na za mtemi Isike aliejilipua na baruti 1893 kuliko kukamatwa na Wajerumani, wazee wanazitoa jioni baada ya kula, sio saa sita mchana gari likipiga honi. Mwezi wa sita na wa saba njia zimekauka na asali mpya ipo, karibuni.

Msomaji wako,
Tabora